Jicho Ndani ya Barafu ya Kasungami

Kule Kasungami, pembeni mwa Lubumbashi, ukitaja barafu, watu wanatazama kama umekuja na ndoo. Barafu ni ya samaki, ya bia, na ya kumwekea mgonjwa kichwani homa ikipanda. Basi siku Adolphine alipofika kwenye depo ya Kataliko na tangi jeusi juu ya gari la kukodi, akaomba kona moja ya chumba cha baridi ili agandishe maji ambayo hatauza hata kipande, vicheko havikukawia. Mpakuaji mmoja alimwuliza hiyo barafu itaolewa lini. Adolphine hakucheka wala hakununa. Alimwambia ashike upande wa pili wa tangi, lisije likaanguka. Yule bwana akashika.

Ndivyo alivyo huyo mama. Ukimcheka, anakupa kazi.

Alikuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja cha mjini, chuo kidogo cha paa linalovuja, nacho tusikitaje jina maana wenyewe wapo na masikio wanayo. Alizaliwa Likasi, kwa wazazi wenye asili ya Kasai. Mwaka ule wa 1993 watu wa asili hiyo walipofukuzwa Katanga, yeye alikuwa msichana wa shule, akalala na mama yake kwenye stesheni ya reli wakingoja treni, juu ya vyungu na magodoro, mvua ikiwanyeshea, wengine wakizikwa pale pale. Treni ilikuja, ikampeleka Mwene-Ditu kwa watu asiowajua. Alirudi. Akiwa na gauni moja na diploma, alirudi Lubumbashi, akaingia chuoni, akasoma fizikia kati ya wavulana watupu, akaolewa na Casimir, fundi wa kuchomea vyuma, wakapanga nyumba Makomeno. Ukimwuliza kwa nini alirudi mahali alipofukuzwa, anakukazia macho: “Nilikuwa sijamaliza masomo.” Basi. Ukitaka jibu refu zaidi, tafuta mtu mwingine.

Sasa, tangi la nini? Hapo ndipo Kataliko mwenyewe alipotaka kueleweshwa, maana ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hatoi kona bure bila kujua kona inakwenda wapi. Kataliko ni Mnande wa Butembo, kule mashariki, mtu mfupi, mpole mpaka umguse samaki wake. Samaki waliogandishwa aliwauza kwa jumla, kabichi na viazi alivipitisha kwa malori, na kila Jumapili alikuwa kanisani kabla ya kengele.

“Madame Prof,” akamwuliza, “ile barafu iko ya kazi gani?”

Adolphine akamweleza wakiwa wamesimama kati ya maboksi ya samaki. Kule Ncha ya Kusini, alisema, mwisho kabisa wa dunia, kuna barafu nene kupita mlima. Wataalamu wa nchi nyingi waliitoboa kwa maji ya moto, wakashusha ndani yake maelfu ya macho ya kioo, wakayaacha yagande huko chini gizani milele. Hiyo barafu yote imekuwa darubini. Inangoja nyutrino, chembe ndogo mno zinazotoka mbali kuliko nyota tunazoziona, zinazopita kwenye mlima, kwenye shaba ya Katanga, kwenye tumbo lako na langu, bila hata kupiga hodi. Ila mara moja moja, nyutrino moja kati ya nyingi zisizohesabika inajigonga kwenye barafu. Hapo unatoka mwanga wa bluu, hafifu sana, na yale macho yanauona. Ukijua mwanga ulikopita, unajua chembe ilitoka upande gani wa mbingu.

“Na hii tangi yako itabakamata?”

“Hapana. Hata moja.”

Kataliko akavua kofia. “Eh, Madame! Unatengeneza mutego yenye haikamate nyama?”

“Papa Kataliko, weye unajua samaki muzuri. Lakini mbele ya kujua ule muzuri, ulijifunza kwanza kunusa ule mubaya. Si ndiyo? Kule juu ya ile barafu kubwa bameweka matangi sawa hii, mengi. Kazi yao ni kuona vile vingine vyenye kunyesha kutoka hewani kila siku, bantu basizanie ni nyutrino. Miye nataka tujifunze kunusa.”

Kataliko alicheka mpaka akajifuta macho, akampa kona.

Lakini si kujifunza tu kulikompeleka pale, na hili tuliseme wazi mapema. Idara ya fizikia ilikuwa inafungwa. Wakubwa wa Kinshasa walikuwa wametangaza kwamba idara isiyo na maabara inayofanya kazi itafutwa mwisho wa mwaka wa masomo, wanafunzi wagawanywe kwingine, walimu wajitafutie. Tume ingepita baada ya Pasaka kuona kwa macho. Maabara ya fizikia, nakwambia, ilikuwa na mizani moja iliyopinda na sumaku zilizochoka. Adolphine alikuwa amewafundisha watoto wa watu mwanga bila taa na umeme bila umeme. Idara ikifungwa, Katanga yote ingebaki na wachimbaji wa shaba na mawakili wao. Hayo ni maneno yake, mimi siongezi chumvi.

Jicho lenyewe alilipata kwa Aimé, aliyesoma naye zamani, sasa anafanya kazi Brussels na watu wa ile darubini ya barafu. Ni kioo cha mviringo, ukubwa wa papai, kama balbu iliyogeuzwa: balbu inatoa mwanga, hiki kinameza. Kinauona mwanga mdogo ambao jicho la mtu haliwezi hata kuuotea. Aimé alilituma ndani ya sanduku la binamu yake, limefungwa kwa soksi za sufu, na neno moja: hakuna la pili.

Kugandisha maji tu kulimtoa jasho. Kwenye chumba cha samaki maji yanaganda haraka, na barafu ya haraka inafungia hewa ndani yake, inakuwa nyeupe kama maziwa. Mwanga ukiingia humo unapotea. Tangi la kwanza likawa jeupe. La pili, jeupe. Adolphine alichemsha maji ili hewa itoke, akalivika tangi mablanketi na unga wa mbao ili baridi iingie polepole, na hapo umeme wa mji wetu ukamsaidia bila kujua. Délestage, unajua, ule mgawo wa umeme unaokata mtaa huu leo, kesho ule. Kataliko alikuwa anawasha jenereta kwa masaa machache tu, samaki wasiharibike. Katikati baridi ilikuwa inalegea kidogo, kisha inakaza tena. Barafu ya tatu ilishuka taratibu, siku baada ya siku, ikaja safi. Sarafu iliyo chini kabisa ndani ya tangi unasoma namba yake.

Casimir alipokuja kuona, alizunguka tangi, akasema: “Mama, hii barafu iko muzuri kuliko kioo cha gari yetu.” Gari lao halikuwa na kioo hata kimoja, lakini alimaanisha sifa.

Basi akaliweka jicho juu ya barafu, likitazama chini, akalimwagia maji kidogo ligande hapo, akafunika kwa mfuniko mweusi na plastiki nyeusi juu yake, akaliunganisha na betri na kompyuta yake ya mkononi. Wiki ile ile, mwisho wa Januari, Goma ikaanguka mikononi mwa waasi.

Vita havikufika Lubumbashi. Lakini Kataliko alikuwa na ndugu Goma, na mali Goma, na fedha kwenye benki za Goma zilizofunga milango, na dada yake Hortense pamoja na watoto walikuwa Goma nao simu zao zimenyamaza. Huyu mtu mpole alikonda kila mtu akiona. Alikuwa anaongea na simu isiyoitikia. Hatimaye Hortense akapatikana: wametoka, wanashuka kupitia Uvira, watavuka ziwa hadi Kalemie, na nyuma yao jamaa wengine wengi. Wote hao wangekula wapi kama si kwa Kataliko? Akakusanya kila alichoweza, akaagiza samaki mara mbili ya kawaida, akamwita Adolphine.

“Madame Prof, unisamehe. Ile kona, niko na lazima nayo. Ile barafu itoke.”

Adolphine hakulia wala hakumkumbusha ahadi. Angewezaje? Ndugu za mtu wako njiani. Aliingia kwenye chumba cha baridi, akatazama juu, akatazama chini, akatoka.

“Papa Kataliko, miye sina lazima na hewa ya juu ya tangi. Weye unaitaka?”

“Hewa?”

“Kutoka kwa tangi mpaka ku plafond kuko nafasi bure. Casimir atachomea étagère ya chuma juu yake. Utapanga maboksi hapo. Utapata nafasi kuliko ile kona.”

Kataliko akaipima nafasi ya juu kwa macho. “Weye mwanamuke uko na kichwa nguvu,” akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Goma ianguke, alitabasamu.

Casimir alichomea rafu hiyo siku mbili, miguu ya chuma cha pembe iliyozunguka tangi bila kuligusa, na kweli samaki walienea kuliko mwanzo. Barafu ikabaki. Jicho likaanza kazi, na Adolphine akaziona kwenye skrini, chembe za angani zikipita moja baada ya nyingine, kila moja mstari mwembamba unaoruka juu na kushuka. Alimpigia simu Lucien, mkuu wa idara, akampigia Casimir, akampigia Aimé Brussels, akawaambia wote neno lile lile: “Inaona!” Kisha akakaa kwenye boksi la samaki akalia kwa furaha, pua ikimganda.

Haya, sasa tufike kwenye msiba.

Asubuhi moja wapakuaji waliteleza na boksi kutoka kwenye étagère, likaangukia ukingo wa tangi. Adolphine alikuwa nje kwenye jenereta, akasikia ko! ndani, akasikia na barafu ikijibu kwa mlio mrefu. Aliingia mbio. Aliwatoa wote nje. Kama barafu imepasuka katikati, kazi ya wiki nyingi imekwenda, na hakuna muda wa kugandisha nyingine kabla ya tume. Lazima ajue. Ili ajue, lazima afunue mfuniko. Na jicho lilikuwa linafanya kazi. Kulizima si shida, lakini ukiliwasha tena linahangaika muda mrefu kabla ya kutulia, na yeye hakutaka kupoteza hata nusu siku.

Akafikiri hivi: umeme umekatika, nimezima jenereta, chumba hiki ni giza tupu, nikifunga mlango hata mkono wangu siuoni. Nitafunua gizani, nitapapasa kwa vidole, nitafunika. Jicho halitajua kitu. Mawazo hayakuwa mabaya. Kosa lilikuwa mkononi, si kichwani.

Wewe mtu wa Lubumbashi, niambie, umeme ukikatika unafanya nini na swichi? Unaiacha imewashwa. Sisi wote tunaiacha. Tena ukikuta imezimwa unaiwasha, hata kama hakuna umeme, ili ukirudi taa ikuambie. Mtoto wa miaka mitatu anajua hivyo. Adolphine alipoingia, mkono wake ulipita ukutani pembeni ya mlango, ukaikuta swichi imezimwa, ukaiwasha. Mkono ulifanya peke yake, kama unavyojikuna ukiumwa na mbu. Yeye hata hakutambua.

Alifunua. Alipapasa. Barafu ilikuwa nzima. Ufa mdogo tu pembeni, usio na madhara. Akamshukuru Mungu kwa sauti. Na umeme ukarudi.

Taa ikawaka juu ya kichwa chake, balbu nzima ya chumba cha samaki, na jicho lililoumbwa kuona mwanga mdogo kuliko wote likaumeza wote kwa pamoja. Adolphine aliruka, akaangusha mfuniko, akajitupa juu ya tangi kwa kifua chake kama mtu anayefunika moto. Ilikuwa sekunde moja labda. Inatosha. Kwenye skrini ile mistari myembamba haikuwepo tena. Kulikuwa na kitu kama mvua ya Januari juu ya mabati, bila mwanya.

Alitoka nje akakaa chini, kwenye matope, na gauni lake la kazi. Aliona aibu kuliko alivyoona hasara. “Miye mwenyewe,” aliwaambia wapakuaji waliomzunguka, “na mukono yangu hii! Mujinga miye!” Hakuna aliyemcheka siku hiyo. Yule aliyeuliza habari za kuolewa alimletea kikombe cha chai.

Aimé alipopigiwa simu akasema: “Zima. Uiache mu giza. Saa ingine inapona, saa ingine hapana. Adolphine, ingine hatuna.” Naye akazima, akafunika, akalizungushia tangi plastiki mpya, akaandika juu yake kwa chaki: MUTU ASIGUSE. Akarudi Makomeno kwa miguu sehemu kubwa ya njia, maana alitaka kuchoka.

Kila baada ya siku chache aliliwasha kidogo, kama daktari anayefungua kitambaa cha jicho la mgonjwa. Kelele ilikuwa inapungua. Mvua ya mawe ikawa mvua kubwa, mvua kubwa ikawa manyunyu, na hapo ikakwama. Jicho lilikuwa hai, lakini limedhoofika. Chembe moja moja zilizoonekana mwanzo sasa zilizama ndani ya ile kelele, hazijulikani. Pasaka ikafika. Ikapita.

Lucien alikuja kuona kabla ya tume. Alikuwa mtu mwema aliyechoka, mwenye idara inayofia mikononi mwake. Alitazama skrini iliyojaa mistari inayorukaruka, akapiga makofi.

“Lakini hii iko muzuri! Itabashangaza!”

“Chef, hizi ni kelele. Jicho linajiongelesha lenyewe.”

“Nani atajua? Adolphine, bale bantu si ba fizikia. Mwenyekiti yao ni mwanasheria. Unawasha, banaona inaruka, banaitikia kwa kichwa, banaenda kula. Idara inapona.”

“Na ya kweli?”

“Ya kweli tutafanya kisha! Mbele tuponeshe idara!”

Hakusema kwa ubaya. Na mimi nakiri, lau ingekuwa mimi, ningewasha kelele zile na kutia muziki juu yake. Adolphine alirudi kwenye skrini. Alijua lipo jambo moja la kufanya, na alikuwa analiogopa. Kwenye kompyuta kuna kizingiti: unakiweka juu au chini, na mlio mdogo kuliko kizingiti hauruhusiwi kuingia. Akikipandisha sana, kelele zote zingebaki nje. Lakini na chembe za kawaida zingebaki nje pia. Zingepita zile kubwa tu, pale kitu chenye nguvu kinapogonga hewa kule juu kabisa na kushusha chembe nyingi kwa mpigo mmoja. Na hizo haziji kwa saa ya mtu. Skrini ingekuwa tupu, tume ikiisimamia.

Hortense alikuwa amefika wiki hiyo, na watoto, na begi moja. Hakutaka kukaa nyumbani akitazamwa kwa huruma, kwa hiyo kaka yake alimpa kazi ya kupokea wateja deponi. Alimkuta Adolphine ameketi mbele ya skrini, akauliza ni nini, naye akaelezwa.

“Kule Goma mwishoni,” Hortense akasema, “tulikuwa hatuamuki tena kwa kila mulio. Ungeamuka kwa kila moja ungepata wazimu. Tulikuwa tunangojea ile kubwa.” Kisha akaenda kumpimia mtu samaki.

Adolphine alibaki ameketi. Halafu akapandisha kizingiti, juu, juu zaidi, mpaka skrini ikawa mstari mmoja mnyoofu kama kamba ya kuanikia nguo.

Tume ilikuja kutoka hoteli ya Karavia, walikolala na kunywa kahawa nzuri, watu watatu kwa suti za kitambaa chepesi. Mwenyekiti aliitwa Profesa André, mtu mrefu aliyekulia Kindu, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho. Walikuwa na ndege ya mchana. Lucien aliwakaribisha kwa maneno mengi. Adolphine aliwaingiza kwenye chumba cha baridi, kati ya samaki, akawaeleza habari za barafu na nyutrino kwa maneno tu, tangi limefungwa. Kisha akashusha kizingiti makusudi. Skrini ikachanganyikiwa kwa mistari.

“Ah, voilà!” akasema mwenyekiti. “Hizi ndizo?”

Lucien alifumba macho, akiomba.

“Hapana, Profesa. Hizi ni kelele. Hili jicho nililiunguza mimi mwenyewe, taa iliwaka nikiwa nimelifunua. Nawaonyesha ili mjue uwongo unavyofanana.” Akapandisha kizingiti. Mstari ukanyooka. “Sasa tutangoja ya kweli.”

“Itakuja saa ngapi?”

“Sijui.”

Walingoja. Baridi ya samaki si baridi ya asubuhi, inaingia kwenye soli ya kiatu kwanza. Mjumbe mmoja alipiga chafya akatoka. Wa pili akasema anampigia mtu simu. Mwenyekiti alivumilia, akihamisha uzito mguu hadi mguu, akitazama saa yake, mpaka naye akasema: “Mama, nimeelewa kwamba mmejitahidi,” kwa ile sauti ambayo watu wa tume wanaitumia wakisha kukufuta. Akatoka. Lucien akamfuata kama mtu anayefuata jeneza.

Ndani wakabaki Adolphine, na Kataliko aliyekuja kuchukua boksi. Na mstari ukaruka. Mmoja tu, mrefu, safi, toka chini hadi juu ya skrini, kisha kimya tena.

“Wee!” Kataliko akaangusha boksi. “Imekuya! Imekuya! Niliona na macho yangu!” Akatoka mbio uani, akimshika mwenyekiti mkono bila kumjua. “Imekuya, Papa! Kubwa hivi!”

Mwenyekiti alikuwa mguu mmoja ndani ya gari. “Nafurahi, lakini mimi sikuiona.”

“Machine imeandika,” Lucien akasema haraka, “iko mu machine, tunaweza kuonyesha!”

“Machine inaandika chochote. Mama mwenyewe ametuonyesha hapa hapa. Nitasaini nini, kitu nisichokiona?”

Na alikuwa na haki, ndiyo uchungu wenyewe. Dereva akawasha gari. Adolphine alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha baridi, moshi wa baridi ukimpita miguuni.

“Basi Profesa arudi ndani,” akasema.

Huwezi kumwambia mkubwa wa Kinshasa hivyo mbele ya wapakuaji.

“Mama, nina ndege.”

“Najua. Na mimi nina wanafunzi. Profesa amekuja toka Kinshasa kuona kwa macho. Iko ndani. Haiko huku nje.”

Mwenyekiti alimtazama. Alitazama gari, akatazama wenzake walioingia tayari na kufunga vioo. Kataliko, ambaye hajui tume wala wizara, alivua koti lake zito la kazi, koti linalonuka samaki toka mwaka lilipotengenezwa, akamshikia mikono wazi kama unavyomvika baba yako. “Aingize mukono, Papa. Baridi ya mule inaua.”

Naye, Mungu mwenyewe ndiye ajuaye kwa nini, akaingiza mkono.

Alikaa kwenye boksi la samaki. Adolphine alikaa kwenye jingine. Honi ya gari ililia nje, ikalia tena, ikachoka. Adolphine hakuomba radhi kwa muda uliokuwa unapita, wala hakueleza chochote kuujaza. Aliutazama mstari. Alijua huenda isije kabla ya huyu mtu kusimama, na kwamba akisimama, yote yamekwisha, na kwamba hata hivyo hatashusha kile kizingiti hata unywele mmoja.

Mstari ukaruka.

Mwenyekiti alishtuka kama aliyeguswa begani. Kisha, kwa sauti ndogo: “Ile?”

“Ndiyo. Ile.”

“Imetoka wapi?”

“Mbali. Kitu kimoja kiligonga hewa kule juu, kikavunjika, vipande vikanyesha. Vingine vimepita hapa kwenye paa la Papa Kataliko, vimeingia humu kwenye barafu.”

“Na ndiyo nyutrino?”

“Hapana, Profesa. Ile inataka barafu ya kilomita nzima kila upande. Hapa tunajifunza tu.”

Akatikisa kichwa polepole. Kola ya koti ilimfika masikioni. “Na nyingine itakuja lini?”

“Sijui.”

Mlango ukafunguka, Lucien akachungulia, uso umempauka, akisema dereva anauliza, ndege, wenzake wanakasirika. Mwenyekiti hakugeuka. Alisogeza boksi lake karibu zaidi na skrini.

“Idara inabaki,” akasema. “Sasa fungeni huo mlango, baridi inatoka.”